Fundi bomba kapimwa presha

Nilikwenda kumsindikiza mama mkwe. Mwenye presha inayojulikana na ukoo mzima ni yeye, mimi nilikuwa mbeba mkoba tu. Lakini nesi alipomaliza kumpima aliniangalia mara mbili, akasema, "Baba, hebu na wewe kaa hapa." Mbele ya mama mkwe mtu hukatai kitu. Nikakaa.

Mashine ikavimba, ikabana mpaka vidole vikaanza kufa ganzi, ikalegea. Ikaandika 172 juu, 104 chini. Nesi akanakili kwenye karatasi, akaniuliza, "Baba, unatembea na presha hii?" Nikamjibu kwamba nimekuja na bajaji. Hakucheka. Aliyecheka ni mama mkwe, kisha akasema, "Karibu chamani."

Ngoja nieleze hali niliyokuwa nayo asubuhi ile, maana ndiyo iliyonifanya niandike haya. Tangu alfajiri nilikuwa Raskazone, hapa Tanga, ghorofa ya tatu, nazibua bomba la jikoni, na ngazi zile nimezipanda na kushuka mara sijui ngapi kufuata spana niliyoisahau chini. Nikapita kona ya muuza kahawa, nikanywa vikombe vitatu vya kahawa chungu tumbo tupu. Kwenye foleni mkojo ulinibana, nikajikaza nisije nikapitwa na namba ya mama mkwe. Nilipokaa kupimwa nilikaa kwenye benchi lisilo na egemeo, mkono unaning'inia, mkanda umefungwa juu ya shati zito la kazi, na muda wote namsimulia nesi habari za nywele na mafuta ya kupikia yanavyoziba mabomba ya watu. Nesi simlaumu, foleni ilifika mlangoni. Ila sikujua kwamba kila kimoja katika hivyo nilivyovitaja kina bei yake, na kwamba bei hiyo inaandikwa kwenye kile kioo cha mashine.

Nikaambiwa nirudi baada ya wiki mbili, na kama naweza nipime nyumbani asubuhi na jioni. Binti yangu yuko mwaka wa pili wa uuguzi. Nikampigia, akanipa shikamoo yake, nikamwambia namba. Akanyamaza kidogo. "Baba, nunua mashine ya mkono wa juu, siyo ile ya kifundo. Halafu usile mawazo, tupate kwanza vipimo vya kweli." Nikanunua. Daftari langu la kazi, lile ninaloandika viungio vya mabomba, eboo ngapi, tii ngapi, na gundi mikebe mingapi, nikaligeuza nyuma mbele nikaanza kuandika presha.

Namba zile zenyewe ni nini? Mimi ni fundi bomba mwaka wa 27 huu, neno presha nalitaja kila siku, na sikuwahi kujiuliza kama ile ya daktari na ile yangu ni kitu kimoja. Ni kitu kimoja. Sisi presha tunaihesabu kwa kimo: tangi likiwa mita 10 juu ya koki, pale kwenye koki una takriban baa 1, baa ikiwa kipimo chetu cha presha, liwe tangi la lita 500 au lita 5,000. Daktari naye anahesabu kwa kimo, ila anatumia zebaki badala ya maji, na kwa milimita. Zebaki ni nzito kuliko maji mara 13.6. Kwa hiyo 120, namba inayotajwa kwa mtu mzima mwenye afya, ni kimo cha maji cha mita 1.63.

Nilipoipata hesabu hii nilicheka peke yangu barazani. Mita 1.63! Mteja akiniambia tangi lake liko mita moja na nusu juu ya bafu, namwambia asitegemee kuoga, ataoga machozi ya koki. Na hiyo ndiyo presha inayopeleka damu mwilini kote, na ikikaa juu kwa muda mrefu inaweza kuleta kiharusi. Yangu ya siku ile, 172, ilikuwa mita 2.34.

Wa kwanza kuipima kwa hesabu alikuwa kasisi wa Kiingereza, Stephen Hales, na alipima kifundi kabisa. Alimlaza farasi jike, akamfunga, akapenyeza kibomba cha shaba kwenye mshipa wa paja, akaunganisha na bomba la kioo la futi 9 lililosimama wima. Damu ikapanda zaidi ya futi 8, ikawa inacheza juu na chini kwa kila pigo la moyo. Alichapisha kitabu chake mwaka 1733. Namhurumia farasi, lakini kazi naielewa. Damu ni nzito kidogo kuliko maji, kwa hiyo ya kwangu ingesimama kwenye futi 7 na ushee. Nusura nimfikie farasi.

Bomba la futi 9 huwezi kuliweka wodini, ndiyo maana mwaka 1828 Mfaransa Poiseuille akatumia zebaki, kimo kikapungua mara 13. Mwaka 1896 Mwitaliano Riva-Rocci akaleta mkanda wa kufunga mkononi, hapo ikawa hakuna tena haja ya kumtoboa mtu. Kisha mwaka 1905 daktari wa jeshi la Urusi, Korotkoff, akaweka kifaa cha kusikilizia chini ya mkanda. Huyu ndiye niliyempenda kuliko wote. Bomba linalovuja ndani ya ukuta mimi nalitafuta kwa bisibisi, ncha ukutani, mpini sikioni. Maji yanayopita kwa utulivu hayana sauti, yanayobanwa ndiyo yanayopiga kelele. Na mkononi ni hivyo hivyo. Mkanda ukibana kabisa, kimya. Ukilegea kidogo damu inapenya kwa fujo, inagonga, hiyo ndiyo namba ya juu. Endelea kulegeza mpaka damu ipite pasipo kubanwa, kelele inakwisha, umepata namba ya chini. Mashine hizi za betri hazisikilizi, zinahisi mtikisiko wa mkanda, lakini ujanja wao umetoka huko.

Haya, sasa presha hiyo inatoka wapi. Kwenye nyumba ningekwambia angalia pampu, angalia bomba, angalia maji yaliyomo. Kwa moyo, pigo moja mtu akiwa ametulia linatoa kama mililita 70, na mapigo ni kama 70 kwa dakika, kwa hiyo karibu lita 5 kila dakika. Damu yote mwilini nayo ni kama lita 5. Yaani yote inazunguka mara moja kila dakika, na kwa siku moyo umesukuma lita 7,000 na zaidi, tangi kubwa la lita 5,000 limejaa na jingine linakaribia nusu. Ukipanda ngazi au ukishtuka, pampu inaongeza kasi na inakamua kwa nguvu zaidi, namba inapanda. Hapo hakuna ugonjwa, ndiyo kazi yake.

Upande wa mabomba ndiko nilikokaa siku nyingi. Poiseuille yule yule, miaka ya 1840, alionyesha kwamba ukipunguza kipenyo cha mrija mwembamba kwa nusu, ugumu wa kupita haukui mara mbili wala mara nne. Unakua mara 16. Kwa hiyo badiliko dogo sana la upana lina nguvu kubwa sana. Na mishipa midogo kabla ya kufika kwenye ngozi na nyama imezungukwa na misuli inayoweza kuikaza na kuilegeza. Bomba nililofunga mimi la nusu inchi litabaki nusu inchi mpaka kutu au chokaa iliingilie. Mshipa unabadilisha kipenyo wakati wewe unazungumza. Baridi inaukaza, sigara inaukaza, hofu inamwaga adrenalini, homoni ya mshtuko, nayo inaukaza sehemu nyingi. Joto linaulegeza, ndiyo maana watu wengi presha yao hushuka kidogo msimu wa Kaskazi tunapochemka humu Tanga, na kupanda Kusi ikianza kuvuma. Ningekuwa na bomba kama hilo ningekuwa tajiri.

Tena mishipa mikubwa inavutika. Umewahi kufunga koki ghafla ukasikia bomba limegonga ukutani, du? Maji yaliyokuwa mbioni yamegota kwenye kitu kigumu. Kuzuia hilo tunaweka kitangi chenye mpira ndani, kinapokea pigo na kulirudisha pole pole. Mshipa mkuu unaotoka moyoni ndicho kitangi hicho. Moyo ukisukuma unatanuka, moyo ukipumzika unajikunja na kuendelea kusukuma. Ujana ukiondoka mshipa unakakamaa. Pigo linagota, namba ya juu inapanda, na kwa kuwa hakuna kinachorudisha taratibu, namba ya chini inashuka. Nilipoelewa hapo ndipo nilipoelewa karatasi ya mama mkwe: 168 juu, 70 chini. Siku zote nilikuwa nashangaa mtu anakuwaje na presha ya kupanda na ya kushuka kwenye karatasi moja.

Na hapo niseme neno kuhusu hizo "presha ya kupanda" na "presha ya kushuka" zetu. Mtaani tunazitaja kama magonjwa mawili, kama vile mtu anachagua timu. Na tunasema fulani "ana presha", kana kwamba mwingine hana. Asiye na presha yuko kaburini. Kila mtu inampanda na kumshuka kutwa kucha, na mwili una wafanyakazi wanaoshinda kazini kuirekebisha. Ukilala usingizi mzuri inashuka kama asilimia 10 mpaka 20. Alfajiri, kabla hujaamka sawasawa, inaanza kupanda. Ukitoka kitandani ghafla, zaidi ya nusu lita ya damu inamiminikia miguuni. Hupati kizunguzungu kwa sababu kuna vihisio shingoni, pale mshipa unapogawanyika chini ya taya, na vingine kwenye ule mshipa mkuu. Vikihisi mshipa umelegea vinapeleka habari kwenye ubongo, moyo unaharakishwa, mishipa ya miguuni na tumboni inakazwa, na yote hayo ndani ya sekunde chache. Kwa mama mkwe mfumo huu umechoka. Akila wali wa nazi akashiba, damu inakwenda tumboni kusaga chakula, na akisimama hapo hapo inabidi ashike ukuta. Yeye huita presha ya kushuka na kuomba soda. Mimi siku hizi namwambia, "Mama, kaa kwanza kitako dakika mbili, halafu usimame pole pole." Anakaa, analalamika, anasimama salama.

Vihisio hivi kwangu ni boya la tangi. Maji yakishuka boya linafungua, yakipanda linafunga. Lakini binti yangu aliponieleza jambo linalofuata nilitoka nje nikakaa kwenye mkeka peke yangu. Nilimwuliza, "Kama kuna boya, kwa nini haliifungi hiyo 172?" Akajibu, "Baba, boya linazoea." Presha ikikaa juu kwa muda, vihisio vinajipanga upya na kuichukulia hiyo ya juu kuwa ndiyo sawa. Tangu hapo vinailinda. Ikishuka kuelekea kule kuzuri, vinapiga kelele kama vile kuna hatari.

Nimeona matangi ya namna hii. Fimbo ya boya imepinda, maji yanajaa mpaka kwenye bomba la kumwagia, na mwenye nyumba hana habari kwa sababu kila akifungua koki maji yanatoka vizuri tu, tena kwa nguvu. Siku anapojua ni siku dari inapodondoka. Miaka mingapi nimekuwa nikisema mimi mzima, sina kichwa kuuma, sina kizunguzungu, napanda ngazi na begi la vyuma? Kumbe uzima ule ulikuwa ushahidi wa boya langu mwenyewe, na boya limepinda.

Kuna mnyama anayeishi na presha kubwa bila madhara, na ni wa kwetu: twiga. Kichwa chake kiko kama mita 2 juu ya moyo, na fundi yeyote atakwambia nyumba ndefu inataka pampu kubwa. Presha yake kwenye usawa wa moyo ni kama mara mbili ya ya binadamu. Ila yeye mwili mzima umejengwa kwa ajili hiyo, kuta za moyo nene, ngozi ya miguu imekaza kama soksi ili damu isitue chini. Mimi nimejengwa nyumba ya chini, na pampu ya twiga si saizi yangu.

Maji yaliyomo sasa. Hapa wenye kazi ni figo, na figo ndizo zenye neno la mwisho kwa siku na miaka, hao wa shingoni ni wa sekunde. Figo zetu zinachuja kama lita 180 kwa siku. Karibu zote zinarudishwa ndani, tunatoa lita moja na nusu, mbili. Sijawahi kuona mtambo wa maji unaorudisha kiasi hicho. Chumvi ikizidi mwilini, mwili unabakiza maji ya kuiyeyusha, tangi linajaa, presha inapanda, na figo nzima inajibu kwa kukojoa chumvi na maji zaidi mpaka hesabu ikae sawa. Ikihisi presha imepungua inafanya kinyume: inamwaga kitu kinaitwa renini, renini inaanzisha mlolongo unaozaa angiotensini, hiyo inabana mishipa na kuamsha homoni nyingine, aldosteroni, inayoiambia figo ishike chumvi. Ni mfumo mzuri sana kwa mtu anayetembea jangwani bila maji. Kwa mtu anayekula ng'onda, samaki wa kukaushwa kwa chumvi, na ugali, na embe bichi la chumvi na pilipili saa kumi, mfumo unazidiwa.

Ndiyo, nimetaja ng'onda. Nimezaliwa pwani, mashamba ya chumvi nimeyaona tangu mtoto, na samaki mbichi aliyekosa mteja anajulikana anakokwenda. Shirika la Afya Duniani linasema chumvi isifike gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kidogo cha chai, na hapo ni chumvi yote, ya kwenye mkate, ya kwenye mchuzi, ya kwenye achari. Mke wangu alipima kwa kijiko anachotia kwenye sufuria ya mchana tu. Alinyamaza, akakirudisha kijiko kwenye kopo. Sikusema kitu, maana kwa miaka yote mimi ndiye niliyekuwa naongezea mezani kabla sijaonja.

Kuna utafiti mmoja wa Kenya ambao binti alinisomea kwenye simu, ulichapishwa mwaka 1990. Waliwafuatilia vijana wa Kiluo waliotoka vijijini upande wa Ziwa Victoria kwenda Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Watu wa damu moja na kabila moja. Waliohamia mjini presha yao ilipanda mapema, haikungoja uzee. Wakapima mkojo wao wakakuta sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi, imezidi na potasiamu imepungua kulinganisha na wa kijijini, uzito umeongezeka, na moyo unapiga haraka zaidi. Potasiamu inasaidia figo kuiachia chumvi, na iko kwenye ndizi, maharage, mboga za majani, viazi, dafu. Yaani walichokiacha kijijini. Huwa nawafikiria vijana wale wanavyoshuka kwenye basi na masanduku yao, hawajui kwamba figo nazo zimeshuka basi.

Turudi kwenye daftari langu, maana siku za kwanza nililitumia vibaya. Nilikuwa napima kila nikikumbuka, namba zinaruka kama panzi. Ndipo nikaanza kuchezea jambo moja moja, kama ninavyotafuta mahali bomba linapovuja, unafunga koki hii unaacha ile.

Mkono juu ya meza, usawa wa moyo, 146. Nikauacha uning'inie, 159. Hii ilinifurahisha kwa sababu ni kimo kitupu: kila sentimita 10 chini ya moyo inaongeza kama 7 au 8. Haihitaji daktari, inahitaji futi kamba.

Mkojo umenibana, 152. Nimerudi chooni, nimekaa dakika tano, 140.

Kahawa, kabla 141, baada ya robo tatu ya saa 149. Mnywaji wa kila siku haimpandishi sana kama asiyezoea, lakini vikombe vitatu kwa mpigo ni vitatu.

Kuzungumza nilikupima bila kukusudia. Nimefunga mkanda, mke wangu akauliza kuhusu ada ya muhula, nikamjibu. 158. Sijui ni mdomo au ni ada. Nikarudia siku nyingine nikihesabu tu namba kwa sauti, bado ikapanda. Kwa hiyo ni mdomo, na ada ina sehemu yake.

Halafu mkanda. Hili ningekuwa na uwezo ningelibandika kwenye kila duka la dawa. Kwenye boksi pameandikwa unafaa mkono wa sentimita 22 mpaka 32. Nilichukua futi ya fundi cherehani wa jirani nikajipima: 36. Mikono ya kukaza nati miaka 27. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unadanganya, unatoa namba kubwa kuliko iliyopo. Nilitafuta mkanda mkubwa wiki nzima, nilipoupata namba zikashuka kama 8 hivi. Mtu umekuwa ukimeza mawazo kwa sababu ya kitambaa kifupi.

Jambo moja sikulipima, kufungua nati iliyoshika kutu. Unavuta pumzi, unaziba koo, unakaza mwili mzima. Wanyanyua vyuma waliopimwa wakijikaza namna hiyo wamekutwa na namba zaidi ya 300 kwa zile sekunde chache. Siku hizi natoa pumzi ninapovuta spana, kijana wangu wa kazi ananicheka kwamba napuliza kama chura.

Na kukoroma. Mke wangu ndiye aliyelileta hili, tena kwa furaha. Binti akauliza, "Baba anakoroma tu, au anakata pumzi halafu anashtuka?" Mama yake akajibu, "Anakata mpaka namsukuma." Kumbe kila pumzi inapokatika hewa inapungua kwenye damu, mwili unashtuka, adrenalini inamwagika, na ile presha iliyotakiwa kushuka usiku haipati nafasi. Hilo bado naandaliwa kwenda kuchunguzwa. Nalala ubavu kwa sasa.

Siku 14 zilipotimia nikafuta siku ya kwanza kama nilivyoelekezwa, nikatafuta wastani: 142 juu, 90 chini. Asubuhi ilikuwa mbaya kuliko jioni. Nilitamani sana iwe 120. Ilikuwa hadithi nzuri, fundi bomba amegundua kwamba nesi alipima mkojo na kahawa. Nusu yake ni kweli, kwa sababu 172 haikuwa yangu. Lakini kwa vipimo vya nyumbani mpaka unaotumika ni 135 kwa 85, na mimi niko juu ya mpaka, nimekaa kitako, nimetulia, kibofu kitupu, mkanda mkubwa, mdomo umefungwa.

Daktari alilisoma daftari kurasa zote, mpaka upande wa eboo na tii. Akaniandikia kidonge kimoja cha kulegeza mishipa, na akaniambia habari ya chumvi ambayo nilikuwa nimeshajiambia. Nikamuuliza dawa za mama mkwe zinafanya nini, akanieleza nikaelewa bila tabu: moja inapunguza kasi ya pampu, nyingine ni ya kukojoza, inapunguza maji tangini. Zipo pia zinazokata ule ujumbe wa angiotensini njiani. Mama mkwe alikuwa akiiruka ile ya kukojoza kila siku ya arusi, kwa sababu zinazoeleweka. Sasa tumekubaliana na daktari wake inywewe saa gani siku hizo.

Wiki mbili za mwanzo za kidonge nilijiona mnyonge. Mwili mzito, kama gari linalopanda milima ya Amani kwa gia kubwa. Shemeji yangu akasema, unaona, dawa hizi zinamaliza nguvu, acha, tumia kitunguu saumu. Nusura niache. Kilichonizuia ni kukumbuka boya: limezoea juu, sasa linapiga kelele. Nikampigia daktari, akasema niendelee na nipime. Wiki ya nne kelele zikaisha.

Leo asubuhi ilikuwa 131 kwa 83. Nimeandika chini ya "koki ya bafuni, Chuda, haijalipwa". Sasa mama mkwe hataki tena kupimwa kwingine, anataka kupimwa na mkwewe. Nimemkalisha kwenye kiti chenye egemeo, miguu chini, mkono juu ya meza, nimemwuliza kama amekwenda haja, nimefunga mkanda, tumengoja dakika tano.

"Mama, sasa usizungumze."

"Kwani nani anazungumza?"

Nikafuta, nikaanza upya.